Shilingi elfu tano za sokoni na ndege ya wagonjwa

SWALI: Sista, asalaam aleikum. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama 34 wa soko la Arua. Wengi wetu tunauza samaki aina ya angara na mboga. Mwaka jana mdogo wangu, mwalimu huko Kaabong, Karamoja, alianguka kutoka juu ya lori akaumia shingo. Alichukuliwa na ndege ndogo hadi Kampala, na gharama ile hatukulipa sisi. Tuliambiwa ni michango ya watu. Leo anatembea kwa fimbo. Kikundi kimekubaliana tutoe shilingi milioni 2 kusaidia huduma ya namna hiyo. Mume wangu anapinga. Anasema ndege ni mambo ya wazungu na matajiri, pesa yetu itaishia kwenye mafuta, afadhali tununue pikipiki ya kubebea wajawazito hapa kwetu. Pesa hiyo hufanya kazi gani hasa? Tutoe yote mara moja au kidogo kidogo? Na siku mmoja wetu akiugua, ndege itakuja?

JIBU: Aleikum salaam, dada. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pa fimbo. Nimekuwa nesi wa ndege za wagonjwa kwa miaka 11 na wagonjwa wengi tunaowapokea hatujui mwisho wao. Tunawakabidhi mlangoni pa hospitali, tunaosha machela, tunarudi. Kwa hiyo ahsante kwa kuniambia kwamba kuna mwalimu mmoja anatembea.

Nianze na shingo yake, kwa sababu ndiyo inayojibu nusu ya maneno ya shemeji.

Mtu aliyevunjika mfupa wa shingo anaweza kuwa mzima wa uti wa mgongo asubuhi na akapooza jioni, bila ugonjwa wowote mpya, kwa kutikiswa tu. Kutoka Kaabong hadi Kampala kwa barabara ni mwendo wa siku nzima, na kipande cha Karamoja msimu wa mvua kina ule udongo mweusi unaong'ang'ania magurudumu mpaka gari linasimama. Kwa ndege ni kama kilomita 400 za moja kwa moja, saa moja na dakika ishirini hivi kwa ndege aina ya Caravan. Lakini si mwendo kasi tu. Ni kwamba mgonjwa anainuliwa mara moja, analazwa mara moja, na baada ya hapo hapigwi na shimo hata moja.

Nikueleze jinsi inavyofanyika, maana pesa mnayotaka kuitoa inaingia humo humo. Viti vya nyuma vimetolewa, machela imefungwa kwenye reli za sakafu. Mtu mmoja kazi yake ni kichwa tu. Anapiga magoti utosini pa mgonjwa, viganja vyake vimeshika mabega, kichwa kimebanwa katikati ya mikono yake. Huyo ndiye anayehesabu. Hakuna anayeinua kabla hajasema "tatu", hata kama ni daktari mkuu wa hospitali. Kisha rubani, kabla hajawasha injini, ananigeukia na kuuliza: "Sista, nipande hadi wapi?" Anauliza hivyo kwa sababu ndege hizi ndogo hazishindiliwi hewa ndani kama zile kubwa za Entebbe. Ukipanda futi 10,000, unavuta hewa ya futi 10,000, na oksijeni unayoipata ni kama asilimia 70 tu ya ile ya usawa wa bahari. Tena hewa yoyote iliyonaswa mwilini hutanuka kadiri mnavyopanda: tumboni, ndani ya fuvu lililopasuka, kwenye kifua ambacho pafu limetoboka. Mgonjwa wa kifua aliyekuwa anapumua vizuri pale chini anaweza kubanwa angani ndani ya dakika kumi. Kwa hiyo wakati mwingine namwambia rubani tubaki chini, naye analazimika kuizunguka milima badala ya kuiruka. Mlima Moroto una zaidi ya mita 3,000 na hausogei kwa ajili ya mgonjwa. Kuzunguka ni dakika zaidi, na dakika ni mafuta.

Sasa pesa.

Kuna picha iliyo vichwani mwa watu wengi wema: mgonjwa analia, simu inapigwa, pesa inachangwa, mafuta yanatiwa, ndege inaruka. Picha hiyo inaleta michango mingi siku ya ajali na ukame miezi inayofuata. Ukweli ni kwamba siku ile mdogo wako alipoanguka, ndege haikuruka kwa pesa ya siku ile. Iliruka kwa pesa iliyotolewa na watu katika siku ambazo hakuna aliyeanguka.

Fikiria duka lako. Siku ambayo hujauza hata fungu moja la samaki, bado ushuru wa soko unadaiwa na mlinzi wa usiku anataka chake. Ndege ni hivyo hivyo kwa kiwango cha kutisha. Rubani lazima aruke mara kwa mara na apimwe mara kwa mara, la sivyo haruhusiwi kubeba mtu. Injini ya Caravan inatakiwa kufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa baada ya saa 3,600 za kuruka, na kazi hiyo inagharimu mamia ya maelfu ya dola. Hakuna shirika linaloweza kuzitoa mfukoni siku ikifika. Zinawekwa kidogo kidogo, kila saa inayorukwa inakatiwa akiba yake. Bima inalipwa ndege iruke isiruke. Mitungi ya oksijeni inajazwa hata kama ile ya mwezi uliopita haikutumika yote. Betri ya mashine ya kupimia moyo inakufa kabatini kama haikuchajiwa. Mimi mwenyewe, nikikaa ofisini siku nne bila safari, mshahara wangu unahesabika, na siku ya tano lazima niwe nimelala vizuri.

Katika miezi 12, pesa nyingi kabisa inakwenda huko, kwenye kuwa tayari. Ndiyo maana jibu langu kwa swali lako la pili ni: toeni kidogo kidogo, kila mwezi, bila kukosa.

Tupige hesabu ya kikundi chako. Mko 34. Kila mmoja akitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, ni 170,000. Kwa mwaka ni 2,040,000. Ni zile zile milioni 2 zenu. Tofauti ni kwamba milioni 2 za mara moja ni zawadi, na mtu wa mahesabu akiipokea anashukuru lakini hawezi kuajiri wala kuagiza kitu kwa kuitegemea. Elfu 170 zinazoingia kila mwezi ni msingi. Akiwa na vikundi 50 kama chenu anaweza kukaa na fundi wa ndege na kumwambia, "Mkataba wako ni wa mwaka mzima."

Kuhusu mafuta anayoyahofia shemeji: Caravan inakunywa kama lita 190 kwa saa. Bei hupanda na kushuka, lakini tuseme kwa mfano lita ni shilingi 5,000. Basi kila mama wa kikundi chenu ametia lita moja. Lita 34 ni dakika kumi na kitu za kuruka. Kwa mwaka mmetia kama saa mbili na dakika chache, yaani karibu kwenda Kaabong na kurudi, pungufu kidogo. Sijaona aibu yoyote katika pesa kuishia kwenye mafuta. Ila nawaombeni msiandike "ya mafuta tu" kwenye mchango wenu. Pesa iliyofungiwa kwenye mafuta haiwezi kununua kola ya shingo, na mwezi ambao kola zimekwisha na mafuta yapo, ndege imejaa lakini haina la kumfanyia mgonjwa. Andikeni kwamba shirika liitumie panapohitajika, kisha mwisho wa mwaka mdai mahesabu. Haki ya kuuliza haipotei kwa sababu hamkuweka masharti.

Haya ya kuchanga kabla ya shida si ya kigeni kwetu. Waganda wana munno mukabi, vile vikundi vya kuzikana na kusaidiana, ambako watu huweka chao kila wiki wakati bado wote wazima. Anayelipa mwezi huu hajui atamlipia nani. Huko nje walifika mahali hapo hapo kwa njia ndefu zaidi. Uswisi, nchi yenye milima mirefu kama ya kwetu Kisoro, ina huduma ya ndege za uokoaji iitwayo Rega iliyoanza 1952. Ilikaribia kufilisika kwa kukosa ruzuku ya serikali, ikaugeukia umma, na mwaka 1966 ikaanza utaratibu wa wafadhili wanaotoa kiasi kidogo kila mwaka. Leo wafadhili hao wamepita milioni 3. Uingereza, ambako helikopta ya kwanza ya namna hii ilianza huko Cornwall mwaka 1987, huduma nyingi za mikoa ni mashirika ya hisani mpaka leo, hospitali za serikali ni bure lakini helikopta inaishi kwa watu wa mkoa wenyewe. Na unajua wanachangaje? Pamoja na mengine, wana maduka ya mitumba! Watu wanaleta koti na sufuria wasizozitaka, akina mama wa kujitolea wanazipanga na kuuza, faida inakwenda kwenye ndege. Mwambie shemeji kwamba huko kwa hao wazungu anaowasema, ndege inarushwa na mama wa mitumba.

Hapa kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka, makao yake yakawa Nairobi, ndiyo AMREF ya leo. Ndege zake zinaondoka uwanja wa Wilson na huja mpaka Uganda. Kwetu Uganda, watu wa Karamoja na West Nile wanazijua zaidi ndege za MAF, shirika la Kikristo lililoko Uganda tangu 1987. Linaruka kutoka Kajjansi, pale njia ya Entebbe, na linaendeshwa kwa sehemu kubwa na michango. Siku za kawaida ndege za namna hiyo hubeba wahudumu wa afya, dawa na watu wa misaada kwa nauli iliyopunguzwa. Hiyo ni busara, maana kila kiti kinacholipiwa kinapunguza mzigo wa kukaa tayari. Usishangae basi ukiiona ndege mliyoichangia imebeba watu wazima na katoni za chanjo. Inajitafutia posho yake huku ikingojea mgonjwa.

Nitakusimulia kosa moja nililolishuhudia, kwa sababu linaonyesha pesa inahitajika mahali ambapo hakuna mfadhili anayependa kupiga picha. Hospitali moja ya mashambani ilituomba ndege kwa ajili ya mama aliyeungua. Mtu wa upande wetu aliandika ujumbe: ndege itafika saa 9. Aliyeandika alikuwa na saa ya Kizungu kichwani, yaani asubuhi. Aliyepokea alisoma kama tunavyosoma sisi: saa tisa, alasiri. Tukatua asubuhi kwenye kiwanja kitupu, mbuzi tu na wavulana wawili. Mtandao wa simu haukuwepo pale. Tulikaa chini ya bawa la ndege kwa sababu ndicho kivuli pekee, mvulana mmoja akatumwa kwa baiskeli, na mgonjwa alipofika ilikuwa imepita saa sita mchana na bendeji zake zilikuwa zimekauka ngozini kwa kuwa alikuwa hajaandaliwa kwa safari. Alipona, lakini zile saa tatu alizilipa yeye kwa maumivu.

Baada ya siku ile tulitaka mtu wa kukaa kwenye simu muda wote, aliyefunzwa, mwenye fomu moja, na mwenye amri ya kutamka kila saa kwa namna mbili: "saa tatu asubuhi, yaani nine a.m." Ilichukua zaidi ya mwaka kumpata, kwa sababu wafadhili walikuwepo wa machela, wapo wa ndege, wapo hata wa jengo. Wa mtu wa simu hakuna. Mchango usio na masharti ndio uliomlipa mwishowe.

Nirudi kwa shemeji, maana hoja yake ya pikipiki ni ya mtu anayefikiri, na nisingependa umjibu kwa ushindi wa maneno.

Kama lengo la kikundi ni wajawazito wa vitongoji vya Arua, yeye ana haki. Wataalamu Thaddeus na Maine mwaka 1994 walizipanga sababu za vifo vya uzazi katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ndege inagusa ule wa pili tu, na kwa wachache tu walio mbali mno. Mama wa kijiji kilicho kilomita 15 kutoka hospitali ya rufaa ya Arua hahitaji ndege. Anahitaji mwenye boda boda anayeamka usiku, pesa ya mafuta, na mama mkwe anayesema "nenda sasa" badala ya "ngoja kupambazuke". Shilingi kwa shilingi, hapo pikipiki inaokoa zaidi. Sina shaka na hilo. Ila kabla ya kununua pikipiki muulizane nani atainunulia tairi mwaka wa pili, kwa sababu nimeona pikipiki za wagonjwa nyingi zimeegeshwa nyuma ya vituo vya afya, kuku wamezifanya viota. Ugonjwa wake ni ule ule wa ndege: wa kununua wapo, wa kuweka tayari hawapo.

Lakini barua yako haikuanza na wajawazito. Ilianza na mdogo wako. Kikundi chenu kimeguswa na kitu kilichotokea Kaabong, mahali ambapo pikipiki isingemfaa kitu mtu mwenye shingo ile. Kuna watu wanaoishi mahali ambapo barabara inakatika: Karamoja wakati wa mvua, visiwa vya Kalangala na Buvuma ziwa likichafuka, pembe za mpakani. Huko ndiko ndege inakofanya kazi isiyofanywa na kitu kingine. Kuchagua kuwasaidia hao si kuwasahau wa nyumbani, mradi mmejua mnachochagua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nami ndilo nililotaka zaidi kukuandikia.

Ndege ndogo inapimwa uzito. Kwa hiyo tunapopokea mgonjwa tunauliza ana kilo ngapi, mlezi wake ana kilo ngapi, na mizigo. Mlezi ni mmoja tu. Wewe unajua hospitali zetu: bila mlezi hakuna wa kupika, wa kufua, wa kukimbilia dawa. Nakumbuka mama mmoja mzee aliyemleta mjukuu wake. Alikuja kiwanjani na mkeka, jerikeni, sufuria mbili na nusu gunia la mtama. Rubani, kijana mpole, aliuweka mtama kwenye mizani akatikisa kichwa. Mama akaondoa sufuria moja. Mizani bado. Akaondoa jerikeni. Mwisho akabaki na mkeka, sufuria moja na mtama uliofungwa kwenye leso, kama kilo tatu. Alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kutazama dirishani hata mara moja, mkono wake uko kwenye mguu wa mtoto. Tukatua Kajjansi, gari la wagonjwa likawachukua mpaka Mulago. Wiki tano baadaye nikamkuta mama yule yule nje ya geti la hospitali. Mtoto amepona, karatasi ya kuruhusiwa anayo, na hana nauli ya kurudi. Alikuwa analala kwenye veranda na mtoto aliyepona.

Ndege inaleta. Hairudishi. Haiwezi, kwa sababu safari ya kurudi si ya dharura, na mafuta ya kumrudisha mmoja ni mafuta ya kumleta mwingine. Michango ya ndege inaishia mlangoni pa hospitali. Baada ya hapo kuna chakula cha mlezi, kuna kipimo ambacho mashine yake imeharibika na inabidi kwenda nje kulipia, kuna nauli. Na kuna lile ambalo watu hawalisemi kwa sauti: akifia Kampala, mwili utarudije? Nimeshuhudia familia mbili zikikataa ndege iliyokwisha kutua, injini bado ya moto, kwa sababu mzee wa ukoo aliuliza swali hilo na hakuna aliyekuwa na jibu. Walikataa bure ya kwenda kwa sababu ya gharama ya kurudi. Siwalaumu. Kumzika mtu mbali na kwao si jambo dogo kwetu.

Kwa hiyo ningekuwa mimi mweka hazina, ningeigawa ile 5,000. Elfu nne za kila mama ziende kwa watu wa ndege: 136,000 kwa mwezi, bila masharti. Elfu moja ibaki kwenye akaunti ya kikundi: 34,000 kwa mwezi, 408,000 kwa mwaka. Hiyo iwe ya walezi. Mzungumze na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, au na nesi mmoja wa wodi mnayemwamini, awapigie simu akiwapo mtu aliyeletwa kutoka mbali na kukwama. Nauli ya basi ya mtu mmoja na mtoto ni kitu mnachoweza kukilipa chote, mpaka mwisho, na kumsikia mtu huyo kwenye simu akisema amefika. Hakuna shirika kubwa linaloweza kufanya hivyo kwa wepesi kama kikundi cha soko.

Kabla ya kutuma shilingi ya kwanza, chunguzeni. Wapo wanaotumia jina la wagonjwa kujichangishia. Shirika linaloruka kweli lina cheti cha uendeshaji wa ndege kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, au kama limekodi ndege, kampuni iliyoikodisha inacho. Shirika la hisani lina kibali cha serikali cha mashirika yasiyo ya kiserikali. Lina mahesabu yaliyokaguliwa na mtu wa nje. Ombeni kuviona vyote vitatu, kwa adabu. Mtu mkweli hakasiriki kuulizwa, mimi hufurahi. Ulizeni pia maswali mawili ambayo karatasi hazijibu: mwaka jana mlikataa wagonjwa wangapi, na kwa nini? Jibu zuri halitakuwa sifuri. Litakuwa hali ya hewa, kiwanja kuharibika, giza, mgonjwa aliye mahututi kupita kiasi cha kusafirishwa. Anayekuambia hajawahi kukataa hajawahi kuruka vya kutosha, au anaruka vibaya. Na mkituma kwa simu, jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kubonyeza liwe la shirika, si la mtu.

Swali lako la mwisho: mmoja wetu akiugua, itakuja?

Nakujibu wazi ili msidanganyike. Mchango si bima. Hauwapi foleni ya mbele. Ziko huduma za uanachama, kama ule wa AMREF uitwao Maisha, ambapo mtu analipia mwaka na anakuwa na haki ya kubebwa kwa masharti yaliyoandikwa. Hiyo ni biashara halali na nzuri, wenye uwezo wajiunge. Ndege ya hisani ni kitu kingine. Inaitwa na daktari anayemhudumia mgonjwa, si na ndugu, naye anaongea na daktari wa upande wa ndege. Wanatazama kama mgonjwa ataokolewa kwa kusafirishwa, kama huko anakokwenda kuna kitanda na mtu wa kumpokea, kama kiwanja kinafaa kutua, na saa. Hapa kwetu ikweta giza halingoji: jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na viwanja vingi vya mashambani havina taa. Ombi lililofika saa kumi alasiri mara nyingi ni la kesho asubuhi. Kwa hiyo kama mna ndugu walioolewa au wanaofanya kazi huko mbali, jambo la kuwafundisha ni kumuuliza daktari mapema, asubuhi, "Huyu anahitaji rufaa?" Wasingoje mpaka hali izidi jioni. Mdogo wako atakuwa shahidi mzuri wa hilo. Je, shule yake iko karibu na kiwanja? Wanafunzi wakizoea kuwaondoa ng'ombe kwenye njia ya kurukia wanaposikia mlio, na mwenyekiti wa kijiji akasimamia nyasi zifyekwe kila mwezi, huo pia ni mchango, na hakuna wa Kampala wala wa ng'ambo anayeweza kuutoa.

Wakiwaomba picha ya mwalimu na hadithi yake kwa ajili ya kutafutia wafadhili wengine, muulizeni yeye kwanza, akiwa peke yake, na akisema hapana iwe hapana. Mtu aliyebebwa bure asijisikie kwamba sura yake ndiyo nauli.

Kwenye daftari lako la mwezi ujao, dada, chora safu mbili: moja andika "ndege", nyingine "nauli ya kurudi". Na mkimpata mlezi wa kwanza aliyekwama, nami niandikie alitoka wapi. Inawezekana nilimpima mizigo.